Irabu Iliyoliwa

Mchana nauza dawa Langoni.
Nimezoea mwandiko wa madaktari, ule wa kuku aliyefukuzwa,
na nikikosea herufi moja, mtu haamki.
Usiku napanda ngazi, nafungua daftari la Bi Somoe,
nyanya wa mama yangu,
aliyeshona kofia za vito miaka arubaini
na kuandika, pembezoni mwa hesabu za uzi,
beti ambazo hakuna aliyemwomba.

Muzna, binti wa kaka yangu, yuko Nakuru.
Kiamu anakisikia kama mtu asikiavyo majirani ukutani.
Herufi za Kiarabu kwake ni za Kurani tu,
hazina ruhusa ya kutaja sindano.
Shangazi, akasema, nitafsirie. Ubeti mmoja.

Ni huu:

    Yua la yana mekwenda
    chanda na tundu ni nyonda
    mgongo kwako mep·nda
    nawe kuya hukuyua

Nikadhani ni kazi ya jioni moja.
Yua likawa jua bila kulowa miguu:
la mbinguni na la kufahamu, yote mawili yakavuka pamoja.
Lakini "jua la jana limekwenda",
nikahesabu kwa vidole, tisa.
Silabi moja imebaki barazani kama mgeni,
na ndani hakuna mkeka.
Chanda kikawa kidole, kikampoteza mwenziwe.
Nyonda nikaandika mpenzi, nikafuta:
lilinuka ujumbe wa simu, lilinuka waridi la plastiki.
Miaka yote nimeujua ubeti huu kwa moyo
kama apitaye chini ya wikio kila siku
na hajainua uso kuhesabu boriti.

Kisha mstari wa tatu.
Bi Somoe ana be moja kwa be na kwa pe,
nuni ameimeza, walivyozoea watu wa zamani,
na chini pana kasra, au doa la tambuu.
Kasra hiyo ni i. Kasra hiyo hiyo ni e.
Mgongo umepinda kwa ajili yako.
Mgongo umependa.
Mgongo unaweza kupenda?
Kina hakisaidii, chochote kinaishia nda.
Mizani haitoi ushahidi: nane, na nane.

Basi nikanunua kitambaa na sindano, nikaketi.
Tundu la kwanza nililishona nikicheka.
La kumi na saba, kiuno kikaniuliza umri.
La thelathini, sikuwa tena nawaza kofia ni ya kichwa gani;
mgongo ulishajiinamia wenyewe, bila kunitaka idhini,
na sikujua kule kuinama nikuite nini.
Nikaandika umepinda. Nikatuma.

Muzna akapiga, akausoma kwa sauti, mbio mbio, simu ikikatika:
"mgongo kwako umepanda".
Nilitaka kumsahihisha.
Lakini shangazi, akasema, hapa pana mtoto!
Mgongoni hupanda mtoto, si mume.

Na mimi siku zote nilimwona mume, na safari yake.
Nikarudi mstari wa nne.
Nawe kuya hukuyua.
Nawe kuja hukujua.
Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutaja
mtoto asiyejua kuja.
Nikakumbuka kofia moja kabatini, ndogo mno,
ambayo tulikuwa tukimvalisha mwanasesere.

Nikainua ukurasa kwenye taa.
Juu ya herufi, pale pale fataha ingekaa,
mdudu amekula: kitundu kama cha kofia, mwanga unapita.
Labda alikula a.
Labda alikula karatasi tupu.
Muzna bado yuko hewani, anauliza, sasa ni ipi?
Andika zote, nikamwambia. Hapana. Ngoja.
Usiandike kitu.

Chini uchochoroni punda akalia.
Naye kwa Bi Somoe ni be na dali tu,
anadai dhumma yake.